Kijana, kabla ya usukani wa abiria pima macho na usingizi

Wiki hii tunaiweka pembeni malaria na homa ya matumbo, tuzungumzie kazi ambayo vijana wetu wengi wanaikimbilia, nayo ni udereva wa magari ya abiria. Pengine utauliza safu ya afya na usafi inahusikaje na usukani. Nivumilie kidogo.

Kijana mmoja wa miaka 26 alikuja zahanati akiwa na mjomba wake, mkononi ameshika fomu. Amekuwa kondakta wa daladala kwa miaka mitano, na sasa amepata nafasi ya kusomea udereva wa abiria. Chuo kimemtaka alete fomu iliyojazwa na tabibu. Mjomba wake tunaswali naye msikiti mmoja, hivyo akaniambia kwa mzaha wa kindugu, "Ustadh, huyu mzima kabisa, hata mafua hajui. Wewe gonga muhuri tu tuwahi." Foleni nje ilikuwa ndefu. Kusema kweli mkono ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye muhuri.

Nikamsimamisha mita 6 kutoka kwenye chati ya herufi. Jicho la kulia likaishia 6/18, la kushoto 6/36. Maana ya 6/36 ni kwamba kile anachokiona mtu wa macho mazima akiwa mita 36, yeye mpaka akisogelee mita 6. Kijana alishangaa kuliko sisi. Miaka yote hiyo hakujua, kwa sababu kazi ya ukondakta ni ya karibu: noti, sura za abiria, mlango. Mbali kulikuwa kazi ya dereva.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ilipo mada yetu. Vijana wengi hujifunza gari la abiria kwa njia anayoijua kila mkazi wa Dar es Salaam. Unaanza kuning'inia mlangoni, baadaye dereva anakuachia uligeuze gari kituoni, halafu siku moja akichoka anakuachia tripu za mchana, nawe umekuwa deiwaka. Njia hiyo inafundisha gia na kona, lakini haikufundishi kuujua mwili wako, wala haimpi mtu mwingine nafasi ya kukwambia kuwa leo hufai kushika usukani. Ndio maana zipo leseni za daraja C na matawi yake kwa magari ya abiria, ambazo unazipanda kuanzia gari dogo kwenda kubwa. Kipo pia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, chenye kozi ya madereva wa abiria. LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, nayo huwatahini madereva wa biashara na kuwathibitisha. Wapo wanaoona huo ni usumbufu na ulaji wa pesa. Mimi nakaa upande wa pili wa meza, nashona vidonda, na sioni hivyo.

Tena wengi ninaowashona hawakupata ajali kabisa. Gari halikugonga wala halikugongwa. Ni bibi aliyekuwa bado hajakaa, dereva akaondoa gari akigombea abiria wa kituo cha mbele, bibi akaangukia chuma cha kiti. Ni mtoto aliyebanwa vidole na mlango. Ni mama mjamzito aliyerushwa na tuta lililorukwa kwa kasi. Mzee akivunjika nyonga kwa kuanguka namna hii, huenda asitembee tena kama zamani, na wapo wanaofariki ndani ya mwaka kwa matatizo yanayofuatia kulala kitandani muda mrefu. Majeruhi hawa aghalabu hawaandikwi polisi, na dereva mwenyewe hajui kama amemvunja mtu.

Kwa hiyo kuendesha gari ni kitu kimoja na kuendesha abiria ni kitu kingine. Anayesomea kazi hii anafundishwa kuangalia kioo cha ndani kabla ya kuondoka, kuhakikisha mlango umefungwa na waliopanda wameshika mahali, kisha kuondoa gari taratibu. Anafundishwa kufunga breki mapema na kidogo kidogo, kwa kuwa ameshaiona hatari mbali. Wakufunzi wanauita udereva wa kujihami. Lakini ataionaje hatari mbali ikiwa macho yake yanaishia karibu?

Tufanye hesabu ndogo. Mabasi ya abiria hapa Tanzania yamewekewa ukomo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo basi linakwenda mita 22 kila sekunde moja. Dereva mzima, aliye macho, huhitaji kama sekunde moja au moja na nusu kuona, kuelewa na kusogeza mguu kwenye breki. Basi limeshakwenda kama mita 22 hadi 33 kabla breki haijaanza kufanya kazi, na bado lina uzito wa abiria na mizigo yao. Uingereza humtaka mwanafunzi asome namba ya gari lililoegeshwa mita 20 mbele yake kabla hata hajawasha gari siku ya mtihani. Kipimo hicho unaweza kujipima mwenyewe leo hapo mtaani, bila hata senti.

Sasa nije kwenye jambo linalonitisha zaidi kuliko macho, nalo ni usingizi. Macho mabovu yana miwani. Usingizi hauna miwani. Mtu aliyechoka hupitiwa na vijiusingizi vya sekunde tatu au nne, na mara nyingi hajui kama vimempitia, kwa kuwa macho yanaweza kubaki wazi. Sekunde nne kwa mwendo ule wa kilomita 80 ni karibu mita 90, karibu urefu wa uwanja wa mpira, basi likijiendesha lenyewe. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Fikiria basi muumini asiyegusa pombe maisha yake yote, ameamka saa 10 alfajiri, na saa 3 usiku bado anahangaika kukamilisha hesabu ya tajiri. Pombe hajanywa, lakini mikono na akili yake ni ya mlevi.

Mwili una saa zake za kusinzia hata kwa aliyelala vizuri. Ya kwanza ni kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, ya pili ni mchana kuanzia saa 8 hadi saa 10, hasa baada ya kushiba ubwabwa. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi, saa hizo za kwanza zimerudi kuwa sehemu ya kazi, na kijana anayeingia fani sasa lazima ajifunze kulala mchana kama anavyojifunza gia: chumba chenye giza, simu imezimwa, na familia imeelezwa kuwa baba yuko kazini ingawa amelala.

Kufungua dirisha na kupandisha redio hakuondoi usingizi. Kinachosaidia ni kusimamisha gari mahali salama, kunywa kahawa, kisha kulala dakika 15 au 20. Kahawa inachukua kama nusu saa kuanza kazi, hivyo unaamka nayo inaanza. Usiondoke papo hapo, tembea kidogo, nawa uso. Ama mirungi, mbali ya kuwa ni marufuku kisheria, inamficha mtu usingizi wake bila kumlipia deni, na siku inapomwachia, humwachia barabarani.

Lipo pia suala la dawa. Kijana ana mafua, anameza Piriton mbili anaingia kazini. Piriton, Phenergan, Valium na baadhi ya dawa za maji za kikohozi zinalewesha usingizi. Ukifika duka la dawa sema kwanza, "Mimi ni dereva." Kwa mafua na mzio zipo dawa zisizosinziza sana, kama loratadine. Dawa yoyote mpya ianze siku ya mapumziko. Na mkeo akikwambia unakoroma sana na pumzi inakatika usiku, usimkasirikie, njoo upimwe, maana mwenye hali hiyo hulala saa 8 na bado akaamka mchovu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide asiwe mgeni wa kipimo chake. Apime kabla ya safari, na sukari ikiwa chini ya 5 ale kwanza ndipo aendeshe. Mwezi wa Ramadhani jambo hili ni zito zaidi. Kutetemeka, jasho la ghafla na kuona ukungu ni dalili za sukari kushuka. Simamisha gari, fungua. Qur'ani katika Surat al-Baqara imempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kulipa siku nyingine, na dereva wa namna hii amezikusanya sababu zote mbili. Vilevile swala za safari zina wepesi wa kupunguza na kukusanya, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbiza gari ili kuwahi adhana.

La usafi ni fupi. Madereva wengi hawanywi maji ili wasisimame kukojoa, matokeo yake ni mawe ya figo na maambukizi ya njia ya mkojo. Wengine wanakojolea kwenye chupa na kuitupa dirishani, najisi hiyo ikawarukie watu wanaokwenda zao. Simama stendi, jisaidie, jitwaharishe, nyoosha na mgongo.

Yule kijana alirudi baada ya wiki mbili amevaa miwani. Akasoma mstari wa 6/6 kwa macho yote mawili, taratibu, kama mtoto anayesoma juzuu mbele ya ustadhi. Akauliza kama abiria hawatamcheka. Nikamjazia fomu, na pale pa macho nikaandika kwa wino mzito kuwa anaendesha akiwa na miwani tu. Nikamshauri anunue na ya akiba.

Miaka michache nyuma, siku ya foleni kama ile, nilimgongea muhuri mtu mwingine bila kumsimamisha mbele ya chati. Sikumfungulia hata faili, hivyo jina lake silikumbuki, wala sijui siku hizi anaendesha basi gani.