Kifua Kikuu na Kuganda kwa Damu: Mguu Uliovimba si Matende Tu

Katika pwani ya Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini, mguu uliovimba huleta wazo moja mara moja: matende. Wazo hilo lina msingi, kwa kuwa ugonjwa huo unaoenezwa na mbu umewasumbua wakazi wa pwani kwa vizazi vingi. Hata hivyo, mgonjwa wa kifua kikuu anapovimba mguu mmoja ndani ya siku chache, sababu yaweza kuwa nyingine, tena ya hatari zaidi: damu imeganda ndani ya mshipa.

Damu hubadilikaje?

Bakteria wa kifua kikuu, aliyetambulishwa na Robert Koch mwaka 1882, hushambulia hasa mapafu, lakini athari zake huenea mwilini mwote. Chembe za kinga zinapopambana naye, hutoa kemikali zinazosababisha mchochota. Ini huitikia kwa kuongeza fibrinojeni, protini inayogeuka kuwa nyuzi za kushikilia donge la damu. Chembe sahani nazo mara nyingi huongezeka. Wakati huohuo, protini zinazozuia damu isigande ovyo, kama antithrombini na protini C, hupungua. Mizani huelemea upande wa kuganda.

Kanuni iliyopewa jina la Rudolf Virchow hutaja mambo matatu yanayozalisha donge: mabadiliko ya damu yenyewe, mwendo wa damu kuwa wa polepole, na madhara katika ukuta wa mshipa. Mgonjwa wa kifua kikuu aweza kuwa nayo yote. Amedhoofika na kulala siku nyingi, au ameketi saa nyingi ndani ya basi kutoka Kilwa kwenda Dar es Salaam kutafuta tiba. Donge likikatika, husafiri hadi mapafuni na kuziba njia ya damu. Pumzi hukatika ghafla na kifua huchoma. Kwa kuwa dalili hizi zafanana na za kifua kikuu chenyewe, ni rahisi kuzipuuza.

Huenda msomaji akauliza: anayekohoa damu atapataje damu iliyoganda? Jibu ni kwamba kukohoa damu hutokana na ugonjwa kula ukuta wa mshipa ndani ya pafu, si damu kuwa nyepesi. Mambo haya mawili yaweza kumpata mtu mmoja, na ndiyo maana uamuzi wa tiba ni wa daktari.

Tiba na tahadhari yake

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini. Tiba ya kawaida huchukua miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Ugonjwa unapodhibitiwa, damu nayo hurejea hali yake hatua kwa hatua. Lakini rifampisini huchochea ini kuivunja haraka wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Hivyo dozi iliyozoeleka yaweza isitoshe. Rifampisini inapokoma, dozi iliyokuwa imeongezwa huwa kubwa kupita kiasi na yaweza kusababisha kuvuja damu. Kwa hiyo vipimo vya damu havina budi kurudiwa, hata baada ya kumaliza dawa za kifua kikuu. Kwa mkazi wa Songo Songo au Kilwa Kisiwani, kila kipimo ni safari ya chombo. Tarehe zipangwe mapema pamoja na mhudumu.

Matende hukua polepole kwa miezi na miaka. Donge la damu huja kwa siku: mguu mmoja huvimba, shavu la mguu huuma, ngozi huwa na joto. Mgonjwa aonapo hayo asikandwe wala kuchuliwa mguu. Afikishwe hospitali siku hiyohiyo, na aseme wazi kwamba anatumia dawa za kifua kikuu. Dawa hizo asiziache.