Kiti Kinachoujua Mchanga wa Newala

WAHENGA walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usemi huo yafaa ukumbukwe na kila atengenezaye chombo cha kumsaidia mlemavu, maana vingi huchorwa na watu waendao kwa miguu yao, katika miji yenye njia za saruji, kisha hupelekwa kwa wenzao waishio katika ardhi nyingine kabisa.

Tutazame Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Masasi iko chini, miongoni mwa vilima vya mawe. Kutoka huko njia hupanda hadi uwanda wa juu wa Makonde, ambako Newala imekaa ukingoni ikilitazama bonde la Ruvuma. Ardhi ya uwanda huo ni ya kichanga na hunyonya mvua upesi. Kiti cha magurudumu cha hospitali, chenye vigurudumu vyembamba mbele, kilikusudiwa sakafu. Kikiingia katika mchanga wa mikoroshoni, vigurudumu hivyo huzama, na aliyekikalia aweza kutupwa mbele. Basi kiti huachwa nyumbani, na mtoto hubebwa mgongoni kwenda shule, hadi siku uzito wake unapozidi nguvu za mama. Hapo masomo hukoma.

Mchoro usiofichwa

Mmarekani Ralf Hotchkiss, mhandisi aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, aliliona jambo hili kwa kuwa naye hutumia kiti. Mwaka 1980 alikwenda Nikaragua, akashirikiana na vijana wenye ulemavu waliokuwa wakijitengenezea viti vyao. Hapo ndipo ulipoanza mchoro wa kiti kiitwacho Whirlwind. Hakuuzuia usitumiwe na wengine. Fundi yeyote aweza kuufuata kwa mabomba ya chuma na matairi ya baiskeli.

Faida ya uwazi huo ilionekana haraka. Mafundi wa Zimbabwe walibuni gurudumu la mbele la mpira, pana na laini, lisilozama ovyo mchangani. Likaingizwa katika mchoro, na hadi leo linaitwa gurudumu la Zimbabwe. Ujuzi wa Afrika ukawafaa watu wa mabara mengine.

Nani ameulizwa?

Hata hivyo, mchoro kuwa wazi hakutoshi. Ukiwa kwa Kiingereza na kwenye intaneti tu, fundi wa Masasi hautamfikia. Na ukipimwa kwa mwili wa mwanamume mmoja, utawasahau wengi: mama apikaye karibu na ardhi, mkulima anayehitaji kushuka kitini aokote korosho, na mtoto ambaye kila mwaka huongezeka kimo. Mjini Kampala, kikundi cha wanawake wenye ulemavu kiitwacho MADE kilijifunza kuchomelea vyuma na kuunda viti. Hao hawakungoja kuulizwa. Walishika kazi wenyewe.

Nchini mwetu msingi upo. Chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981, kimefundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti vya magurudumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010. Mafundi baiskeli na wachomelea vyuma wamo katika kila mji. Linalobaki ni kuwapa michoro kwa Kiswahili, na kumkalisha mtumiaji pamoja nao tangu mstari wa kwanza, akiwa na haki ya kusema: hiki hakinifai, kirekebisheni.

Nawe msomaji uliye mjini, unayejinyima ili umnunulie ndugu yako wa Newala kiti, usianze na bei. Muulize kwanza mwenyewe: njia ya kwenda kisimani, shuleni na shambani ikoje? Upana wa mlango ni kiasi gani? Tairi likipasuka, nani ataliziba? Majibu yake ndiyo vipimo vya kwanza vya kiti hicho.