Protini na Damu Yetu

Mara nyingi mtu akisikia neno "protini" hufikiri juu ya chakula tu: samaki wa soko la Jinja, maharagwe, maziwa na mayai. Ni kweli, hivyo ni vyakula vyenye protini. Lakini ndani ya kila kiumbe chenye uhai protini ni mfanyakazi pia. Misuli tunayotumia kupanda vilima vya Mbale imejengwa kwa protini. Nywele na kucha ni protini. Hata mate yanayoufanya muhogo uwe mtamu ukitafunwa sana, yana protini ya kufanya kazi hiyo. Je, yawezekanaje kitu cha namna moja kufanya kazi nyingi hivyo?

Fikirini ushanga uliotungwa katika uzi. Kila protini ni uzi wa namna hiyo, na shanga zake huitwa asidi za amino. Shanga hizo ni za namna 20 tu, lakini zatosha, kama vile herufi chache zinavyotosha kuandika vitabu vyote. Uzi huo haukai umenyooka. Hujikunja mpaka ukapata umbo lake, kwa kufuata mpangilio wa shanga. Na umbo ndilo linaloamua kazi. Chemsheni yai mwone: shanga ni zile zile, lakini nyuzi zimekunjuka na kushikamana, na ute hauwezi kuwa majimaji tena.

Sasa tutazame damu. Wekundu wake ni wa hemoglobini, protini inayochukua oksijeni toka mapafuni. Ina nyuzi nne: mbili za shanga 141 na mbili za shanga 146. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu hutofautiana na ya kawaida kwa asidi moja tu ya amino. Ni ushanga wa 6 katika ule uzi wa 146. Kwa sababu ya ushanga huo, hemoglobini ikishatoa oksijeni yake hushikamana na wenzake, na chembe ya damu hupindika kama mundu. Chembe za namna hiyo huziba mishipa midogo, tena hufa upesi. Ndipo huja maumivu makali na upungufu wa damu.

Mdogo wangu anayekaa na wazazi wetu Mbale ana ugonjwa huu. Majirani wengine walisema amerogwa. Wengine walimlaumu mama. Hayo si kweli. Mtoto hupata selimundu akirithi mpango wenye kasoro kwa baba na kwa mama pia. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, wala pengine hajui. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Mbona kasoro hii haikutoweka? Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watoto wa Uganda waliorithi kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani juu ya malaria. Kwa hiyo penye mbu wengi, kasoro hiyo ilidumu. Vipimo vya watoto wachanga wa Uganda vilivyofanywa mwaka 2014 na 2015 vilionyesha kuwa kama 13 katika kila 100 wameirithi kwa mzazi mmoja, na upande wa Busoga ni zaidi ya hapo.

Basi, ndugu wasomaji, jambo hili si la mtihani peke yake. Sisi wa Jinja na Mbale tutaoa na kuolewa. Tupimwe damu kabla ya hapo, tujue hali yetu. Na tukimwona mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, tumpeleke kwa daktari mapema, tusimtafute mchawi.