Kiambishi -at- ndani ya seli ya fueli
Likizoni Lemera, baba mdogo aliniuliza: kobalti yetu ya Kolwezi inaenda kufanya nini? Betri, nilijibu, lakini si betri tu. Seli za fueli za oksidi yabisi, zinazofanya kazi kwenye nyuzi 600 hadi 1000 hivi, hupangwa zikitenganishwa na mabamba ya chuma. Kati ya seli na bamba hupakwa uji wa seramiki, mara nyingine wenye kobalti, ili umeme upite. Seramiki ikitanuka kupita jirani zake, hupasuka, na njia ya umeme hukatika.

“Basi ni gundi,” alisema. Hapana: gundi hushika tu. Kibantu kina kiambishi cha mgusano, -at-: kamata, fumbata, ambata. Napendekeza tuiite *kiambatishi*. Madini yakitoka kwetu, jina nalo litoke kwetu.