Ovari Zenye Vifuko na Fizi Zinazotoka Damu

Sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, iliyoelezwa mwaka 1935 na madaktari Stein na Leventhal wa Chicago, huvuruga hedhi, huzidisha homoni za kiume na, kwa wanawake wengi, huufanya mwili kuwa sugu kwa insulini, yaani homoni inayoingiza sukari katika seli. Jambo lisilotajwa sana kliniki ni fizi. Tafiti za Uturuki na India ziliwakuta wanawake wenye hali hii, hata wasio wanene, wakitokwa damu ya fizi kwa urahisi kuliko wenzao. Daktari wa meno hupima kwa kijiti chembamba chenye alama, ambacho kikizama zaidi ya milimita 3 na damu ikatoka, huwa ni dalili kwamba utando wa bakteria, ambao ukiganda huitwa ukoga, umeanza kuutenga ufizi na jino. Uvimbe wa fizi unaotokana na utando huo humwaga katika damu kemikali zinazoweza kuzidisha usugu kwa insulini, nayo sindromu ina uvimbe wake wa chini kwa chini unaoweza kuzidhoofisha fizi, hivyo kipi kilitangulia ni swali linalomhusu zaidi mtafiti kuliko mgonjwa. Kuondoa ukoga hakutibu ovari, lakini huzuia meno kulegea.