Vyombo vya umeme: Hewa ukaa inapungua au inahama?

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MKAZI wa Levolosi, kata iliyo jirani na katikati ya Jiji la Arusha, hahitaji kipimo cha maabara kujua kwamba bodaboda na daladala huchafua hewa. Moshi anauona na kuunusa. Hewa ukaa inayochangia kupandisha joto la dunia, hata hivyo, haionekani wala haina harufu.

Watetezi wa vyombo vya umeme husema vitaipunguza. Wanaopinga hudai kuwa hewa hiyo huhama tu kutoka barabarani kwenda kwenye mtambo wa kufua umeme. Nani mkweli? Jibu limo katika hesabu.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3 za hewa ukaa, na ya dizeli kilo 2.7. Uzito huo huzidi ule wa mafuta yenyewe kwa sababu kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani.

Tuchukue bodaboda inayotumia lita 2.5 kwa kilometa 100. Itatoa karibu kilo sita. Tukadirie kuwa pikipiki ya umeme hutumia uniti nne kwa mwendo huo. Uniti moja iliyofuliwa kwa gesi asilia hutoa karibu nusu kilo, hivyo jumla ni kilo mbili, yaani theluthi moja. Umeme ukitokana na maji, kiasi hicho hushuka zaidi.

Hapo ndipo Tanzania ina nafasi nzuri. Gridi ya Taifa hutegemea zaidi maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza kati ya tisa ulianza kuzalisha umeme mapema mwaka 2024, lina uwezo wa megawati 2,115.

Lakini umeme ukikatika na betri zikachajiwa kwa jenereta ya dizeli, uniti moja huweza kutoa karibu kilo nzima. Zaidi ya nusu ya faida hupotea.

Kuna deni jingine. Kutengeneza betri hutoa hewa ukaa nyingi kabla chombo hakijatembea hata kilometa moja. Deni hilo hulipwa barabarani. Bodaboda inayozunguka mchana kutwa hulilipa mapema. Gari binafsi linaloshinda limeegeshwa huchelewa. Kwa mantiki hiyo, vyombo vya abiria ndivyo vinavyostahili kutangulizwa.

Sekta ya utalii ilikwishaonja teknolojia hii. Mwaka 2018, kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilizindua katika Hifadhi ya Serengeti gari la watalii la umeme linalochajiwa kwa nguvu ya jua. Mwendo wa polepole wa hifadhini, wenye kusimama mara kwa mara, huifaa mota ya umeme, na wanyama hawasumbuliwi na kelele.

Kwa dereva wa bodaboda wa Levolosi, hata hivyo, hesabu ya kwanza ni ya mfukoni: bei ya betri, mahali pa kuchaji na uhakika wa umeme. Asipopata majibu ya hayo, ataendelea kujaza petroli, na kilo zake sita zitaendelea kupanda angani.