Kruzi ya Gari Inapogoma, Taa za Breki Zikaguliwe Kwanza

Magari mengi madogo yanayoingizwa nchini yakiwa yamekwisha kutumika, hususan kutoka Japani, huja na kifaa cha kushikilia mwendo ambacho madereva na mafundi hukiita kruzi. Dereva akifikisha mwendo autakao, hubonyeza kitufe kilichopo kwenye usukani na kuondoa mguu kwenye mafuta. Gari hubaki katika mwendo huo hadi akanyage breki au azime kifaa. Kruzi isichanganywe na kidhibiti mwendo kinachofungwa kwenye mabasi ya abiria. Kile huzuia gari lisivuke kiwango kilichowekwa, ilhali kruzi hulishikilia katika mwendo uliochaguliwa na dereva mwenyewe.

Kruzi ikigoma, wamiliki wengi huliona jambo hilo kuwa dogo, kwa hoja kwamba gari linakwenda bila hiyo. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika. Kruzi hutegemea taarifa kutoka mifumo mingine ya gari, na ulio muhimu kuliko yote ni mfumo wa breki. Kifaa hiki cha starehe kinapokataa kufanya kazi, huenda kinatangaza hitilafu mahali pasipohusiana na starehe hata kidogo.

Juu ya pedeli ya breki, chini ya dashibodi, ipo swichi ndogo yenye kichomozo. Pedeli ikikanyagwa, swichi hiyo huwasha taa za breki na wakati huohuo huiarifu kompyuta ya gari kwamba dereva anapunguza mwendo, ili kruzi iachie mara moja. Swichi ikilegea au kuchakaa, kompyuta inaweza kuona kana kwamba breki imekanyagwa muda wote, nayo hukataa kuiruhusu kruzi. Katika baadhi ya magari, hata kuungua kwa fyuzi ya taa za breki kunatosha kuizuia. Dereva aliyeketi mbele hawezi kuziona taa zake za nyuma. Anayeziona, au kuzikosa, ni dereva wa lori au bodaboda anayemfuata.

Ukaguzi wake hauhitaji spana. Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa. Mtu mmoja akanyage breki taratibu na mwingine asimame nyuma kutazama. Asiye na msaidizi anaweza kurudisha gari karibu na ukuta jioni, akatazama mwanga mwekundu ukutani kupitia vioo. Taa zote, pamoja na ile ya katikati kama ipo, ziwake pedeli inapoanza tu kushuka na zizimike inapoachiwa. Ikikosekana moja, yaelekea balbu imeungua. Zikikosekana zote, fyuzi itazamwe kwanza, kisha swichi. Zisipozimika, mara nyingi kipande kidogo cha plastiki au mpira kinachogusa kichomozo cha swichi kimevunjika na kuanguka sakafuni, na mwenye gari huenda amekwisha kulalamikia betri inayoishiwa nguvu usiku.

Fyuzi mpya iwe na ampea zilezile za ya zamani. Desturi ya kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyoungua ni mbaya mno: huuhamisha mzigo kutoka kwenye kitu cha bei ndogo hadi kwenye nyaya za gari, ambazo zinaweza kupata joto na kushika moto.

Taa zikiwa salama, yapo mengine ya kutazama. Magari mengi hayaikubali kruzi chini ya kilomita 40 hivi kwa saa, hivyo kifaa kinachogoma mjini huenda ni kizima. Mshale wa spidi usiosogea, au taa ya injini au ya ABS inayowaka kwenye dashibodi, ni sababu ya kutosha ya kompyuta kuifunga kruzi. Hapo fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ahusike. Gari la gia za mkono lina swichi nyingine kwenye pedeli ya klachi. Magari mapya yanayopima umbali wa gari lililo mbele huweza kuacha kazi kwa tope tu lililofunika sensa ya mbele, na kitambaa chenye maji hutosha.

Honi ikikataa pamoja na vitufe vya kruzi, au taa ya mfuko wa hewa ikiwaka, huenda waya uliojiviringisha ndani ya usukani umekatika. Usukani usifunguliwe nyumbani: mfuko wa hewa uliomo unaweza kufyatuka na kumjeruhi vibaya aliye karibu.

Matengenezo yakikamilika, jaribio lifanyike mchana, kwenye barabara kavu iliyonyooka na isiyo na msongamano, wala si katika maeneo ya makazi ambako kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Kruzi ikishika, breki iguswe kidogo tu, na kifaa kiachie papo hapo. Kisipoachia, kizimwe kwa kitufe chake na kisitumike tena hadi swichi ya breki ibadilishwe.